Ukuta Usiokauka

Nina mtoto nyumbani. Nikimsokota kidogo analia, nikimsokota sana ananyamaza. Mtoto gani huyo?

Aliyejua asiseme kwanza. Asiyejua afuatane nasi mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siku ya Jumamosi, pale watu walipokuwa wamefurika hadi mlangoni. Huyu anataka misumari, yule anagomba kwamba rangi yake imechanganywa vibaya, mwingine amebeba bati kichwani na kila akigeuka watu wote wanainama. Katikati ya purukushani hiyo alisimama mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye vifungo mbele. Gauni lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, hata nzi angetua juu yake angeteleza.

"Nataka kitu cha kufungia bomba," alimwambia muuza duka.

"Kitu gani, dada?"

"Kile kinachozunguka." Akazungusha kidole hewani.

"Hapa kila kitu kinazunguka. Hata mimi kichwa kinanizunguka."

Watu wakacheka. Mwanamke akajikaza. "Maji yanatoka ukutani. Jirani wa chini anasema kitanda chake nimekigeuza bwawa la kuogelea."

Pembeni yake alikuwepo mwanamume mrefu, mwenye ovaroli ya buluu iliyokunjika kama imetafunwa na ng'ombe ikatemwa. Alikuwa akichagua viungo vya bomba, akivipima kimoja kimoja kwa kidole gumba. Akauliza bila kuinua macho, "Ukifunga mabomba yote, ukuta unaacha kulia?"

"Hauachi."

"Basi unachotaka hakiuzwi hapa. Bomba limeoza humo ndani. Ukizungusha kitu kwa nje utakuwa umefunga ukuta, siyo maji."

"Na wewe ni nani?"

Muuza duka akadakia, "Huyo ni Mkavu! Fundi bomba. Kiungo akikikaza yeye, hakitoi hata jasho. Mchukue, dada, kabla hajachukuliwa."

"Namchukua kwa maji tu," alijibu mwanamke, na duka zima likaangua kicheko, na aliyebeba bati akageuka kutazama, wote wakainama.

*

Mwanamke huyo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Wenzake walimwita Mvuke, kwa sababu siku nzima alishinda ndani ya mvuke wa pasi, akionekana nusu nusu kama mtu aliye kwenye ukungu. Mashati yalipita mikononi mwake, ya mabwana harusi, ya wanafunzi, ya waume za watu, nayo yote yakaenda kuvaliwa kwingine. Jioni alipanda ngazi hadi nyumbani kwake, nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa akiishi na mama yake. Mama alikuwa amefariki. Mdogo wake alikuwa ameolewa mbali. Kwenye kichanja cha jikoni vikombe vilikuwa vinne, na kilichokuwa kikiloa ni kimoja.

Mkavu alipoingia humo hakukimbilia nyundo. Alimwambia Mvuke afunge mabomba yote, jikoni na bafuni, kisha akamwita kwenye mita ya maji.

"Unakiona hicho kishale kidogo?"

"Nakiona. Kinatembea."

"Kila kitu kimefungwa, na bado kinatembea. Maana yake kuna mahali maji yanatoroka." Akafunga koki kubwa, akaenda bafuni, akaegemeza sikio ukutani. "Sasa kaa kimya kidogo, nisikilize."

"Hapa pako kimya siku zote, fundi. Wewe sikiliza tu."

Mkavu alimgeukia akamtazama. Akagongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akafika mahali sauti ilipobadilika, akaanza kuchimba kwa patasi. Bomba la zamani lilijitokeza, limeota kutu kama mkate uliosahaulika. Alipolilegeza, maji yaliyokuwa yamebaki ndani yakamrukia kifuani.

"Pole!" Mvuke alishika mdomo asicheke, akashindwa. "Pole jamani! Vua hiyo ovaroli nikukaushie."

"Nivue mbele ya mtu niliyekutana naye asubuhi?"

"Si una fulana na bukta ndani? Nimeshawapigia pasi wanaume wa mji mzima, fundi. Huna jipya."

Basi Mkavu akafanya kazi na fulana, akikata bomba bovu na kuweka jipya, na huku sebuleni Mvuke akiipitishia pasi ile ovaroli. Alinyunyiza maji kwa chupa yake ya mkono, chwii, chwii, akakandamiza, mvuke ukapanda. Aliporudishiwa, Mkavu aliishika kwa ncha za vidole. Mikono ilikuwa na mistari iliyonyooka, kola imesimama.

"Nitawaambia nini watu dukani? Watasema ninakwenda kuoa."

"Waambie hujapata bado."

Mkavu alicheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kama mtu aliyekifungua akaogopa kitamwagika. Kisha akaziba ukuta kwa simenti, akaupiga lipu laini, na mahali palipozibwa pakabaki na doa jeusi la unyevu lenye ukubwa wa sinia.

"Usipake chochote," alimwonya. "Ukipaka rangi juu ya unyevu itabanduka. Nitakuwa napita kuugusa. Ukikauka kabisa, nakuja na rangi, kazi inakuwa imekwisha."

*

Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi Mkavu, na ndiyo sababu alipewa jina hilo. Mafundi wengine wakishaziba hawaonekani tena. Yeye hakuihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka kiganja chake mwenyewe kiseme imekwisha. Jioni akitoka kazini alipanda ngazi, akabisha hodi, akaweka kiganja ukutani kama mzazi anayempima mtoto homa.

"Mgonjwa anaendeleaje, daktari?" Mvuke humuuliza.

"Anapata nafuu. Mwache alale."

"Na daktari anakunywa chai?"

"Daktari hakatai."

Kikombe cha pili kikaanza kuloa. Mkavu hakuwa na maneno mengi ana kwa ana, lakini kwenye simu ulimi ulimlegea. Alilelewa na bibi yake, na kitu pekee alichorithi kwake ni vitendawili.

"Kitendawili," alisema siku moja kwa simu.

"Tega."

"Mwizi wangu huiba ndani ya nyumba, hatoki mlangoni wala dirishani."

"Aa, huyo namjua, amenilowanishia jirani. Ni maji yanayovuja! Zamu yangu. Kitendawili."

"Tega."

"Nina ng'ombe, chakula chake ni makunyanzi."

Mkavu akafikiri, akahema. "Kizee gani huyo anayeliwa uso? Sijui. Nimeshindwa."

"Ukishindwa unatoa mji. Nipe mji."

"Nakupa mji wenye maghorofa na taa."

"Nimefika huo mji wako, nimekuta watu wote wanaoga kwa kopo, hakuna fundi. Jibu ni pasi, mpenzi wangu."

Neno lile la mwisho lilitoka lenyewe. Wote wawili wakanyamaza. Katika ukimya huo Mvuke alisikia upande wa pili sauti ndogo, ti... ti... ti.

"Ni nini hicho kinachogonga?"

"Saa," Mkavu alijibu haraka. "Saa ya ukutani."

"Inakwenda polepole saa yako."

"Huku kwangu muda hauna haraka."

Lakini ukuta ulikuwa na haraka. Doa lilijikunja kila siku, kutoka sinia likawa sahani, kutoka sahani likawa kisosi. Jioni moja Mkavu aliligusa akatabasamu. "Nikija tena nakuja na brashi."

Alipoondoka Mvuke alibaki amesimama bafuni. Alivisikia viatu vyake vikishuka ngazi, mlango wa chini ukafungwa, kisha hakusikia kitu tena. Alifikiria rangi. Alifikiria ukuta mweupe, umekwisha, na kikombe kimoja kwenye sinki. Fundi aliyemaliza kazi anabisha hodi kwa sababu gani? Alikuwa na chupa yake mkononi, maana alikuwa akinyoosha shuka. Mkono uliozoea kulowanisha kitambaa kabla hakijakauka mno ukafanya ulichokizoea. Chwii.

Doa likafumbua jicho.

*

Mkavu alipoweka kiganja siku iliyofuata, uso ulimbadilika.

"Bado?" Mvuke aliuliza.

"Umerudi. Unyevu umerudi." Akaugusa tena, huku na huku. "Haijapata kunitokea."

"Si mbaya. Utapita tena. Nikuwekee chai?"

Alikunywa, lakini hakutega kitendawili. Akapita tena, na tena. Chwii, chwii, nyuma ya mgongo wake. Kila mara Mvuke alijiapia kuwa leo ni mwisho, na kila mara mlango wa chini ulipofungwa mkono ukamshinda. Hakujua kuwa Mkavu, akitoka kwake, hupitia nyumba alizozitengeneza zamani akiomba kugusa kuta. Hakujua kuwa kule dukani wameshapata mchezo. "Mkavu ameloa! Mleteeni taulo!" walimpigia kelele. Wala hakujua kuwa mkandarasi mmoja alikuwa amemtaka asimamie mabomba yote ya ghorofa jipya, kazi ambayo fundi huisubiri nusu ya umri wake, naye akaikataa kwa sauti ya chini, "Tafuta mwingine. Kuna kitu kimeingia mikononi mwangu, sikielewi."

Siku moja alikuja mchana na mfuko wa vifaa. Mvuke alikuwa mapumzikoni.

"Ninaupasua," alisema.

"Usiupasue! Ngoja kidogo, utakauka wenyewe."

"Siwezi kulala, Mvuke. Nipishe."

Patasi ikaingia. Lipu ya juu ilikuwa laini na yenye maji, ikabanduka kama ganda la yai bichi. Chini yake simenti ilikuwa kavu. Akachimba zaidi, vumbi kavu likamwagika miguuni. Akalifikia bomba, akapitisha kidole kwenye kiungo chake, mzunguko mzima. Kikavu. Akabaki amechuchumaa.

"Maji ya bomba hutoka ndani yakaja nje," alisema polepole, kama anaongea na bomba. "Haya yametoka nje."

Aligeuka. Chupa ilikuwa dirishani, na maji nusu.

"Ni wewe."

Mvuke alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifuani, lakini aliyoyatoa hayakuwa yale. "Ni ukuta tu, jamani."

"Ukuta tu." Mkavu akaanza kukusanya vifaa vyake. "Nimekataa kazi ya ghorofa zima kwa sababu ya huu ukuta tu. Nimeogopa mikono yangu mwenyewe, na kule dukani wananicheka. Na wewe unanimiminia chai, unanitazama. Ulikuwa unanicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja!"

"Ulikuwa unafanya nini, basi?"

Kwa aibu Mvuke aliinamia vumbi sakafuni. Mkavu alingoja. Alingoja mpaka ikaonekana kwamba angengoja bure, akajitwika mfuko, akashuka ngazi, akaacha shimo wazi na vumbi sakafuni. Fundi yule hakuwahi kuacha nyumba ya mtu bila kufagia.

*

Ukuta ukakauka. Ukikosa wa kuumwagia maji, ukuta haukawii. Mvuke alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Kazini aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyumbani aliosha kikombe kimoja. Usiku ulipoingia alikuwa akikaa kwenye ukingo wa bafu, akilitazama lile shimo kama mtu anayetazama dirisha la nyumba iliyohamwa.

Shangazi yake ndiye aliyepiga. "Mbona sauti imekauka hivyo? Unaumwa?"

Mvuke akamweleza yote, na kilio juu.

"Ngoja," shangazi alisema. "Ulimwagia maji ukuta wako mwenyewe, ili mwanaume aje kuushika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hukuona ungeweza kumwambia tu aje akushike wewe?"

"Shangazi!"

"Shangazi nini? Nimekosea? Haya, acha kulia. Jina lake limeharibikia wapi?"

"Kule dukani. Watu wanamcheka."

"Basi mbona unanililia mimi kwenye simu? Nenda huko huko dukani. Na uvae vizuri."

Jumamosi duka lilikuwa limefurika vilevile. Mvuke alivaa gauni lake la kijani, akajipenyeza hadi mbele.

"Dada wa kitu kinachozunguka!" muuza duka alimpokea. "Mkavu wako bado anavuja?"

Vicheko. Mvuke akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Kiungo cha Mkavu hakijawahi kuvuja," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Niliulowanisha ukuta mimi. Kwa chupa ya kunyunyizia nguo. Kila akiondoka."

Vicheko vikakatika vipande vipande.

"Wewe? Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu alisema ukuta ukikauka kazi imekwisha. Na mimi nyumbani kwangu hakuna mwingine anayebisha hodi." Macho yalimjaa machozi, lakini hakuyafuta. "Mwenye kucheka anicheke mimi. Yeye mwacheni."

Hakuna aliyecheka. Aliyebeba bati alisimama tuli, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelazimika kuinama. Muuza duka alikohoa, akazungusha daftari mezani bila sababu, kisha akamwelekeza mtaa wa nyuma, jengo la chini, mlango wa mwisho.

Mvuke alipoukaribia mlango ule alisikia sauti aliyoijua. Ti... ti... ti. Akabisha hodi.

Mkavu alifungua. Alikuwa amevaa ile ovaroli, na mistari ya pasi bado ilikuwa imesimama mikononi. Ilionekana hakuwahi kuifanyia kazi tangu siku ile. "Muuza duka amenipigia simu," alisema. "Habari zimekutangulia."

"Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia yeye akisema. Wewe sijakusikia."

"Nilikuwa naogopa ukikauka hutakuja. Nikakuumiza. Na kazi yako..."

"Kazi imeshapata mwenyewe."

"Siwezi kuirudisha."

"Huwezi," Mkavu alikubali, wala hakumrahisishia. Kisha akausogeza mlango. "Ingia, usisimame nje."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, vifaa vimepangwa kwa ukubwa wake. Mvuke alitazama kuta zote. Hapakuwa na saa. Kwenye kona kulikuwa na sinki, na bomba lake lilikuwa likidondosha tone moja moja ndani ya kopo. Ti.

"Mkavu. Bomba lako linavuja."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie." Alilitazama bomba, masikio yakamwiva kwa haya. "Ni wosha tu, kipande cha mpira, nimekibeba humu mfukoni mwaka mzima. Siku moja nilikifunga. Chumba kikanyamaza, nikashindwa kukaa. Nikakitoa tena."

Walitazamana. Mvuke alianza kucheka na kulia kwa pamoja, na kile kicheko kifupi cha Mkavu kikatoka, na safari hii hakukifunga.

"Ukuta wangu umekauka kabisa," Mvuke alisema akijifuta. "Limebaki shimo na rangi."

"Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

"Najua."

"Na ikiisha hiyo asubuhi?"

"Ubishe hodi bila sababu."

Mkavu alichukua spana, akafunga koki, akafungua bomba, akakitoa kile kipande cha mpira mfukoni. Mvuke akamshikia kopo.

"Kitendawili," alisema Mvuke, akimtazama mikono.

"Tega."

"Nina mtoto nyumbani. Nikimsokota kidogo analia, nikimsokota sana ananyamaza."

Mkavu akaacha kukaza. Aliitazama spana, akalitazama bomba lililokuwa mkononi mwake, akatikisa kichwa taratibu. "Sijui."

"Wewe? Fundi bomba mzima?"

"Sijui. Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Mji sina, Mvuke. Nina spana, nina kiti kimoja, nina ovaroli moja iliyonyooshwa. Vichukue vyote. Mwenyewe nitafuata nyuma, kama shangazi yako atanikubali."

"Shangazi atakutukana kwanza."

"Nitakunywa chai, nimsikilize."

Akamalizia kukaza. Tone moja la mwisho lilining'inia mdomoni mwa bomba, likasita, likaanguka, na halikufuatwa na lingine. Chumba kikanyamaza. Mvuke alihisi bega la Mkavu likikakamaa karibu yake, kama la mtu anayetaka kukimbia.

"Kaa kimya kidogo," alimnong'oneza, "usikilize."

Mkavu akasikiliza. Ndani ya ule ukimya kulikuwa na mtu anapumua, na hakuwa yeye.